Je, Walirudiana?

Msomaji afungapo riwaya ambayo wapendanao wake wameachana, hubakiwa na swali moja: je, walirudiana? Majumbani mwetu, wanawake wanapoazimana vitabu, swali hili halikosi kuzuka, na majibu yake hayakubaliani.

Mfano mashuhuri ni Gone with the Wind ya Margaret Mitchell wa Marekani, iliyotoka mwaka 1936. Scarlett O'Hara ameishi na mumewe, Rhett Butler, huku moyo wake uko kwa mume wa mwenziwe. Atambua kuwa Rhett ndiye ampendaye siku ile ile mume anapoamua kuondoka. Binti yao mdogo amekwisha kufa kwa kuanguka farasini, na mapenzi ya Rhett yamechoka. Kitabu chaishia hapo, Scarlett akijipa matumaini ya kesho.

Mitchell hakuandika mwendelezo mpaka alipofariki mwaka 1949. Warithi wake ndio waliotoa idhini, na mwaka 1991 Alexandra Ripley akatoa Scarlett. Wahakiki wengi walikikosoa, lakini wasomaji walikinunua kwa mamilioni, maana ndani yake wawili wale warudiana.

Wapo miongoni mwetu wanaowaunga mkono wasomaji hao. Husema kwamba suluhu ni kheri. Kwamba dini yetu, katika talaka rejea, imeweka muda wa eda ili mlango usifungwe kwa hasira ya siku moja. Na kwamba si vibaya kumtakia mtu wa hadithini kile tunachomtakia jirani.

Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuibezi. Ni kweli pia kwamba Scarlett wa kitabu cha pili amekomaa, baada ya kuhamia Ireland na kumlea peke yake mtoto wa Rhett, baba asijue. Lakini tutazame suluhu yenyewe imepatikana vipi. Rhett amekwisha kumtaliki Scarlett na kuoa mwanamke mwingine, mpole, asiyemkosea mtu. Ili njia ifunguke, mke huyo afishwa na mwandishi. Wengi wa wasomaji hushangilia ndoa iliyofufuka, wasimkumbuke aliyezikwa.

Hapo ndipo tunapotofautiana na wanaoupenda mwendelezo huu. Riwaya ya kwanza ilitufundisha jambo zito: kwamba subira ya mume au ya mke ina kikomo, na neno la upole halina budi kusemwa lingali na wa kulisikia. Kitabu cha pili chamwambia binti kwamba wakati utatengeneza kila kitu, na atakayemzuia ataondoka mwenyewe. Maisha ya ndoa hayaendi hivyo, nasi tuliokwisha kuolewa twajua.

Hatusemi kitabu hiki kipigwe marufuku nyumbani. Twasema mama na binti wavisome vyote viwili, kisha waulizane: furaha hii imelipiwa na nani? Mazungumzo hayo yatamfaa binti kuliko makatazo, na huenda yakamfaa mama pia.

Na aliye na mwenziwe wa kumwomba radhi usiku huu, asingoje kitabu cha pili. Wabillahi taufiq.