Usalama: ni wa Dola au ni wa Mwanadamu?

Miongoni mwa neema ambazo mwanadamu hazitambui mpaka azikose ni neema ya usalama. Katika Sura ya Quraish (sura ya 106), Mwenyezi Mungu Mtukufu anawakumbusha Maquraish neema mbili kwa pamoja: kulishwa wakaepukana na njaa, na kupewa amani wakaepukana na hofu. Naye Nabii Ibrahim (a.s.) alipouombea mji wa Makka, aliomba usalama na riziki ya matunda katika dua moja (Al-Baqara, 2:126). Hivyo Uislamu haukuutenganisha usalama na maisha ya watu. Siasa ya kimataifa ilichukua muda mrefu kulifikia jambo hilo. Katika makala haya tutaeleza namna ilivyolifikia, kisha namna ilivyoteleza.

Usalama wa mipaka

Umoja wa Mataifa ulipoundwa mwaka 1945, Baraza la Usalama lilipewa jukumu kuu la kulinda amani na usalama wa kimataifa. Kilichokusudiwa zaidi wakati ule ni kwamba dola isivamiwe na dola nyingine. Kwa hesabu hiyo, nchi ilihesabika kuwa salama maadamu mipaka yake imetulia na serikali yake imesimama, hata kama raia wake wanalala njaa. Mfano ulio karibu nasi ni Zaire ya Mobutu, aliyetawala tangu 1965 hadi 1997. Kwa miaka mingi madola ya Magharibi yalimsaidia kwa silaha na fedha, yakimhesabu kuwa ngome dhidi ya ukomunisti. Lakini waliokuwa ndani ya ngome hiyo waliishi katika umasikini na khofu ya vyombo vya mtawala wao.

Usalama wa watu

Vita Baridi vilipokwisha, fikra zilianza kubadilika. Mwaka 1994 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) lilitoa ripoti iliyosimamiwa na Mahbub ul Haq, mchumi aliyewahi kuwa Waziri wa Fedha wa Pakistani. Ripoti hiyo iliuhamisha usalama kutoka kwa dola na kuuweka kwa mwanadamu, ikautaja katika mafungu saba: uchumi, chakula, afya, mazingira, nafsi ya mtu, jamii na siasa. Msingi wake ni mambo mawili, kuepukana na hofu na kuepukana na ufukara. Msomaji wa Sura ya Quraish ataona mara moja ukaribu uliopo. Baraza la Usalama nalo likaanza kuyajadili mambo ya namna hiyo: mwaka 2000 lilijadili UKIMWI barani Afrika, na mwaka 2014 likatangaza kwamba Ebola ni tishio kwa amani na usalama wa kimataifa.

Kwa wanazuoni wetu jambo hili si geni. Imam al-Mawardi, faqihi wa madhehebu ya Shafi aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058 Miladia), ametaja mambo sita ambayo kwayo dunia hutengemaa: dini inayofuatwa, mtawala mwenye nguvu, uadilifu ulioenea, usalama wa wote, neema ya mazao na matumaini mapana. Tuzingatie kwamba uadilifu ameutaja kabla ya usalama.

Usalama bila uadilifu

Hata hivyo, kupanuka kwa neno hili si heri wakati wote. Jambo likishaitwa "la usalama", hutolewa katika sheria za kawaida na kukabidhiwa wenye nguvu. Haya yalidhihiri baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Hatusemi kwamba hatari haikuwapo. Milipuko ya Agosti 7, 1998 katika balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam iliua zaidi ya watu 200, wengi wao wakiwa Waafrika, na kuua nafsi isiyo na hatia ni haramu bila shaka yoyote.

Tatizo ni dawa iliyotumika. Azimio namba 1373 la Septemba 28, 2001 liliyalazimisha mataifa yote kuchukua hatua za kisheria dhidi ya ugaidi, pasina kueleza ugaidi ni nini. Tanzania ilipitisha sheria yake mwaka 2002. Nchini Kenya mswada wa 2003 ulipingwa vikali na Waislamu na watetezi wa haki, na sheria haikupita hadi 2012. Katika kesi mashuhuri ya Kadi, mfanyabiashara wa Saudi Arabia aliingizwa katika orodha ya vikwazo mwaka 2001 na mali yake ikazuiwa bila kusikilizwa. Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua Septemba 2008 kwamba haki yake ya kujitetea ilivunjwa, na jina lake likaondolewa katika orodha ya Umoja wa Mataifa mwaka 2012. Katika fiqhi, asili ya mtu ni kutokuwa na hatia, na ushahidi ni juu ya anayedai. Hofu haiifuti kanuni hiyo.

Athari hii imeingia hata katika lugha yetu. Neno usalama lina mzizi mmoja na salamu na Uislamu, lakini leo ikinong'onwa kwamba "yule ni mtu wa usalama", barza nzima hunyamaza. Basi khatibu anapouzungumzia usalama juu ya mimbari, na aulize: ni nani anayelindwa, analindwa na nini, na ni nani anayetiwa hofu ili mwingine alale? Wallahu a'lam.