Karatasi mpya ionekane ya zamani: ramani za hazina kwa bethdei za watoto

Tangu niposti zile ramani za mchezo wa kutafuta hazina, inbox imejaa swali moja: "Dada, ile karatasi ya kale unaitoa wapi?" Siitoi popote. Ni A4 ya rimu na majani ya chai basi. Leo naeleza ninavyofanya, na pale ambapo oda nyingi huharibikia.

Kwanza ujue karatasi inazeekaje. Karatasi inatokana na miti, na ndani ya mti kuna kitu kinaitwa lignini. Kikipigwa na mwanga na hewa kinageuka njano, ndiyo maana gazeti lililoachwa dirishani halichelewi kubadilika rangi. A4 za ofisini sehemu kubwa ya lignini imeshaondolewa, kwa hiyo ukisubiri izeeke yenyewe utasubiri sana. Halafu karatasi huanza kuchakaa pembeni, maana huko ndiko mwanga na hewa vinakofika kwanza. Ramani yenye rangi moja kote inaonekana tu kama karatasi iliyomwagikiwa chai. Ya kuuza lazima iwe imekolea kwenye kingo.

Chemsha vijiko 3 vya majani ya chai kwa vikombe 2 vya maji, dakika 10 hivi, chuja, acha ipoe. Chai kavu tupu. Ukitia sukari utakuwa unawauzia sisimizi. Finyanga karatasi iwe kama mpira, ikunjue taratibu, ilaze kwenye sinia, kisha mimina chai. Pale kwenye mikunjo nyuzi za karatasi zimevunjika, kwa hiyo panakunywa rangi zaidi, na hapo ndipo uzee unapojitokeza. Dakika 5 zinatosha. Mwaga chai kwanza ndipo uinyanyue, la sivyo inachanika. Ianike ikiwa imelala juu ya nailoni, kivulini. Ukiitundika kambani rangi yote inashuka upande mmoja.

Ikikauka, chanachana kingo kidogo kwa vidole (mkasi hapana, unaacha mstari ulionyooka), halafu chovya kitambaa kwenye kahawa nzito upake hapo tu.

Najua wengi wenu mnachoma kingo kwa mshumaa. Mimi sichomi. Masizi yanahamia kwenye gauni la bethdei, kingo zinamomonyoka njiani, na mtoto akiona zilivyochomwa kesho atajaribu nyumbani. Kahawa inatoa sura ileile.

Sasa wino, na hapa ndipo hela inapopotea. Printa nyingi za nyumbani zinatumia wino wa majimaji. Ukiprinti kisha ukalowesha, maandishi yanatapakaa yote. Na ukilowesha kwanza, karatasi iliyokunjamana inakwama ndani ya printa. Nenda steshenari waprinti kwa mashine ya leza au watoe fotokopi. Ule wino ni unga uliyeyushwa kwa joto ukashika kwenye karatasi, chai haiuondoi. Ila ukipiga pasi, piga kwa nyuma na uweke kitambaa katikati, maana joto kali linaweza kuulainisha tena. Kama unachora kwa mkono, chora baada ya karatasi kukauka, kwa kalamu ya kahawia.

Usikunje kitu kibichi. Msimu wa masika mimi naziacha usiku mzima na bado nazigusa asubuhi kabla ya kufunga. Karatasi yenye unyevu ikikaa kwenye nailoni inaota ukungu, na hiyo inakwenda mikononi mwa watoto.

Kinachofanya mteja arudi, lakini, ni hadithi. Seti yangu inayotoka sana ni ya Kilwa. Kuna sarafu za shaba za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje huko. Mtoto wa miaka 8 ukimwambia hivyo, ramani yako anaishika kwa mikono miwili. Muulize mama pia nyumbani kwao kuna nini: tangi la maji, mwembe, banda la kuku. Viweke kwenye ramani. Hapo umeuza kitu ambacho dukani hakipo.

Kuna jambo moja litawafuata mkishaanza kupost, maana mimi limenifuata. Kaka mmoja alinipigia: "Dada, nina karatasi ya mauziano ya kiwanja, naomba tu uitie rangi ionekane ya mwaka 1987." Akataja hela ambayo kwa ramani ningehitaji wiki tatu kuipata. Nikamwambia, "Kaka yangu, mimi nafanya za watoto tu." Akasema si naweka chai tu, kuna ubaya gani? Ubaya ni kwamba kughushi ni kosa la jinai kwenye Kanuni ya Adhabu, na wewe uliyeizeesha umeshiriki, hata kama kazi yako ilikuwa ni chai tu. Na nyuma ya karatasi ile kuna familia itatolewa kwenye kiwanja chake. Tangu siku hiyo kila ramani yangu ina jina la ukurasa na neno MCHEZO nyuma, kwa maandishi makubwa. Limenisaidia na kwenye matangazo, maana wazazi wengine wananipata kupitia hapo.

Bei: karatasi na chai ni hela ndogo, kinachokula ni muda, kwa hiyo lowesha za oda tano au sita kwa pamoja. Napokea oda siku 3 kabla, nusu ya malipo kwanza. Za kusafirisha kwa bodaboda nazikunja kama msokoto, nafunga kwa kamba ya katani, naingiza kwenye lile bomba la karatasi ngumu linalobaki katikati ya jora la kitambaa. Wauza vitambaa wanayatupa. Omba, kata kwa msumeno vipande vya sentimita 25, ziba huku na huku kwa gundi ya karatasi.