Mkono Uliolala Haujafa



Mwezi uliopita fundi mmoja alinisimamisha mlangoni mwa dispensari. "Munganga, ni kweli mtu akipigwa na kiharusi amekwisha?" Nilimwonyesha mzee aliyekaa kwenye benchi akingoja vidonge vyake, fimbo katikati ya magoti. Wengi wenu mnamjua. Alitoboa mwamba nasi miaka mingi, naye ameniruhusu nieleze habari zake bila kutaja jina.

Ilikuwa 2019, yuko likizo hapa Goma. Asubuhi, akinywa chai, kikombe kikamponyoka. Mdomo ukaenda upande, mkono wa kuume ukaning'inia, maneno yakatoka kama ya mlevi. Majirani wakasema amerogwa. Akapelekwa kwenye maombi, akalala huko, akafika hospitali kesho yake jioni. Simcheki mtu anayeomba. Hata mimi naomba. Lakini ombeni mkiwa njiani kwenda hospitali.

Kosa lingine lilikuwa langu. Miezi 3 kabla, nilimpima tansio nikakuta 180 juu ya 110. Nilimpa vidonge vya mwezi mmoja. Kwa kuwa hakusikia maumivu yoyote, vilipokwisha hakurudi, nami sikutuma mtu kumwita. Tansio haiumi, ndugu. Mtu hubeba 180 akacheza mpira. Tangu siku ile nina daftari la wasiorudi.

Kiharusi ni ajali ya mshipa wa damu ndani ya ubongo. Mara nyingi mshipa huziba, mara nyingine hupasuka. Kila dakika mshipa mkubwa ukiwa umeziba, chembe karibu milioni 2 za ubongo hufa. Basi mwambieni mtu acheke, ainue mikono yote miwili, aseme jina lake. Mdomo ukipinda, mkono mmoja ukianguka au maneno yakipotea, ondokeni mara hiyo, na mkumbuke ilikuwa saa ngapi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa kabla ya saa 4 na nusu kupita, tena baada ya kupiga picha ya ndani ya kichwa. Msimpe aspirini: hamjui kama mshipa umeziba au umepasuka. Msimpe chai wala maji: koo lililolala huyapeleka mapafuni.

Mzee wetu alikuwa amechelewa. Kilichobaki ni kazi, na kazi hiyo ndiyo nataka muijue. Sehemu ya ubongo iliyokufa haifufuki, lakini sehemu zilizo hai hujifunza kazi yake kama kijana wa karakana anavyojifunza: kwa kurudia. Miezi 3 ya kwanza ndiyo yenye mavuno mengi, ila mavuno hayakomi hapo.

Majuma ya kwanza mke wake alimgeuza kitandani kila baada ya saa 2, mchana na usiku, asipate vidonda. Mkono uliolala uliwekwa juu ya mto, na watoto wakakatazwa kumvuta kwa mkono huo, maana bega lililolegea huteguka. Halafu kusimama na kuketi kitini, mara 10, asubuhi na jioni. Halafu maharagwe: bakuli mbili mezani, kuhamisha punje moja moja kwa mkono wa kuume. Siku ya kwanza alihamisha 2, akatupa bakuli ukutani na kulia. Mama akaokota maharagwe bila neno. Kesho yake akaweka bakuli tena. Dada ya mzee naye alikuja kila siku kumlisha kwa kijiko, akimwita maskini. Mama akamwambia, "Wifi, umwache ale mwenyewe. Mkono unazoea uvivu." Mtaalamu wa mazoezi asingesema vizuri zaidi. Wataalamu hao wapo hapa mjini, kwa mfano katika kituo cha walemavu cha Shirika la Umoja, ulizeni.

Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na tarehe 27 ikaamriwa sehemu kubwa ya mji ihame. Kijana wake alimpeleka Sake kwa pikipiki. Majuma mawili wakalala chini kwa watu, bila meza, bila maharagwe. Aliporudi vidole vilikuwa vimekunjika kama ngumi. Wakaanza tena kuvinyoosha, kimoja kimoja.

Jambo moja hatukulifikiria: sahihi. Alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, lakini karani wa benki alitazama karatasi akasema hii siyo sahihi ya mwenye fedha. Nyumba ikakaa miezi 2 bila senti. Hata wakubwa limewapata. Kenneth Matiba wa Kenya alipigwa na kiharusi 1991 akiwa kizuizini. Alitibiwa London, akarudi 1992, na Desemba mwaka huo akawa wa pili katika uchaguzi wa rais. Alitembea, alihutubia watu, lakini kuandika kulimshinda. Alipopinga matokeo, mke wake alitia sahihi kwa barua ya uwakilishi, na mahakama ya Nairobi ikaitupa kesi kwa sababu hakutia sahihi mwenyewe. Basi mgonjwa akiwa anaelewa mambo, nendeni naye mapema kuandikisha sahihi mpya au alama ya kidole. Mkiandika barua ya uwakilishi, ulizeni inakubaliwa kwa karatasi zipi.

Kuhusu chakula nitasema kidogo. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko 1 cha chai kwa mtu, yaani gramu 5. Makayabo iloweshwe, maji yamwagwe, iloweshwe tena.

Leo mzee anafika dispensari kwa miguu yake, akiyaangalia vizuri mawe meusi ya barabara. Vifungo viwili vya juu vya shati bado hufungiwa na Mama. Siku ile tansio yake ilikuwa 135 juu ya 85. Kwenye daftari la vidonge aliandika jina kwa mkono wa kuume, herufi 3, akapumzika, akamalizia.

Fundi alisimama akimtazama. Kisha akakunja mkono wa shati. "Munganga, nipime na mimi." Nilikuta 160 juu ya 100. Nimeliandika jina lake, na Jumatatu ananijia tena.