Kusoma Vema Tangazo la Kazi

Mara nyingi, Misa ikiisha, vijana wa Uvira hutuletea tangazo la kazi na kutuuliza: "Padri, je, mimi ninafaa?" Kijana mmoja wa upande wa Kalundu hakuandika barua hata kidogo, kwa sababu aliona neno "Kiingereza". Alipotuonyesha karatasi, siku ya mwisho ilikuwa imekwisha pita. Tena karatasi haikusema kwamba Kiingereza ni lazima. Ilisema ni "un atout". Nafasi ikampita kwa neno moja. Basi, yatupasa sisi mapadri na makatekista kuyafahamu maneno hayo.

1. Lazima na faida. "Exigé", "obligatoire", "indispensable": maana yake ni lazima. Usipokuwa na jambo hilo, barua yako itawekwa kando. "Souhaité" na "un atout": likiwapo litakusaidia, lisipokuwapo usikate tamaa.

2. Diploma. "D6" au "A2" ni ya aliyemaliza shule ya sekondari na kushinda Examen d'État, mtihani ulioanza mwaka 1967. "A1" ni graduat, miaka 3 ya masomo ya juu. "A0" ni licence ya zamani, miaka 5 kwa jumla. Hapa wengi hujikwaa: katika mpango mpya wa LMD, ulioenea tangu mwaka wa masomo 2021-2022, licence ni ya miaka 3. Tangazo likisema "licence" tu, mtu atazame hesabu ya miaka inayotakiwa, au aulize.

3. Expérience. Kijana husema: "Sina." Pengine anayo. Aliyefundisha shule ya msingi huko Sange, au aliyetunza vitabu vya hesabu vya chama cha wavuvi, amefanya kazi ya kweli. Aombe karatasi ya ushuhuda kwa waliomtumia: ndiyo "attestation de services rendus". Lakini wengine hutusihi tuandike kwamba walitumika parokiani miaka 2, nao hawakutumika. Tusikubali. Muhuri wa parokia ukisema uongo mara moja, hata kijana mwaminifu hatasadikiwa kesho.

4. Feza. Matangazo mengi huandika wazi kwamba hakuna malipo yoyote ya kuomba kazi. Mtu akidai feza ili jina lako liingie katika orodha, huyo ni mwizi, hata akivaa kofia ya shirika.

Katekista anaweza kufanya hivi: akae na vijana, achukue tangazo moja, wapige mstari chini ya kila neno la lazima, kisha wazungushe siku ya mwisho. Mwenye lazima zote aandike upesi. Aliyekosa moja amekwisha jua la kutafuta, wala hatarudi nyumbani akisema kwamba kazi ni za watu wengine.