SOKO LA KUKU: Kabla hujamlipa "dokta", muulize namba yake ya usajili

Mfanyabiashara anayenunua vifaranga 500 wa kuku wa nyama anakuwa amefunga mtaji wake kwa wiki tano au sita. Sukari ikishuka bei inaweza kusubiri ghalani, na gari likiharibika litauzwa vipuri. Kuku akifa hakuna cha kusubiri. Hata hivyo, mfugaji yuleyule anayepima mfuko wa chakula kwa mizani kabla ya kulipa, humpokea bandani mtu yeyote mwenye sindano, humwita "dokta", na humlipa bila hata kumwuliza jina lake kamili.

Hapa Tanzania huduma za mifugo zilianza kufunguliwa kwa watu binafsi katika miaka ya 1990. Kabla ya hapo mfugaji alimtegemea bwana mifugo wa serikali. Leo kuna daktari, kuna msaidizi wake, na kuna muuza duka la dawa, na wote mtaani wana jina moja. Sheria inawatofautisha. Kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003, daktari wa mifugo ni mwenye shahada ya tiba ya wanyama, kama ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, tena awe amesajiliwa na Baraza la Veterinari. Wataalamu wasaidizi, wenye stashahada au cheti kutoka vyuo kama Tengeru na Mpwapwa, nao hutambuliwa na Baraza hilo, lakini hufanya kazi chini ya usimamizi wa daktari. Msaidizi mzuri anatosha kabisa kwa kuchanja. Kuku wanapoanza kufa ovyo, mtafute daktari mwenyewe.

Kumwuliza mtu namba yake ya usajili si utovu wa adabu. Aliyesajiliwa huitaja bila kununa, nawe unaweza kuihakikisha kwa Baraza au kwa ofisa mifugo wa wilaya.

Lakini cheti peke yake hakitoshi, kwa kuwa wapo madaktari wazuri wa ng'ombe ambao hawajashika kuku kwa miaka. Kipimo chetu ni rahisi: mwonyeshe mzoga. Kideri, gumboro na kuhara damu vyote humfanya kuku ajikunyate, ashushe mabawa na kukataa chakula, kwa hiyo anayetaja ugonjwa akiwa amesimama mlangoni anabahatisha. Anayejua kuku atauliza umri wao, chanjo walizopata na tarehe zake, na maji wanayokunywa, kisha atampasua aliyekufa. Damu kwenye tumbo la tezi, lililo juu ya firigisi, humwelekeza kwenye kideri. Tezi iliyovimba karibu na njia ya haja pamoja na madoa ya damu kwenye nyama ya paja, gumboro. Utumbo uliojaa damu, kuhara damu.

Tofauti hiyo ni ya fedha. Kuhara damu kuna dawa. Kideri na gumboro ni virusi, havina tiba. Kinga yake ni chanjo iliyotolewa mapema. Antibayotiki inaweza kuzuia maradhi yanayofuatia, lakini anayekuuzia chupa akisema "hii inaponya kideri" anakuongezea hasara juu ya hasara.

Chanjo nayo ina mambo yake. Mwandishi wa ukurasa huu aliwahi kuletewa chanjo iliyotolewa mfuko wa suruali, saa saba mchana. Kuku walikuwa 80. Mwezi uliofuata walibaki 11. Chanjo ifike kwenye kibebeo chenye barafu, na uonyeshwe tarehe ya mwisho wa matumizi kabla haijafunguliwa. Hata I-2 ya kideri, inayotengenezwa Kibaha na kusifiwa kwa kustahimili joto, haitakiwi kuanikwa juani. Ile ya kunywesha isichanganywe na maji ya bomba yenye klorini, kwani klorini huiua.

Sasa haki zako. Unastahili kuambiwa gharama kabla ya kazi kuanza, na kuelezwa ugonjwa unaoshukiwa na sababu ya kuushuku. Unaweza kukataa dawa usiyoelezwa. Dai maandishi: jina la dawa, kipimo, tarehe, namba ya toleo la chanjo, sahihi, pamoja na risiti. Na uliza siku za kusubiri, yaani muda kati ya dozi ya mwisho na kuuza nyama au mayai. Hapa wengi huumia: kuku wa nyama akipewa antibayotiki katika wiki ya tano, siku hizo huangukia siku ya soko. Daktari asiyezitaja amekuachia wewe kesi na mteja wako.

Mambo yakiharibika, karatasi hizo ndizo zitakazosimama mbele ya Baraza, lenye mamlaka ya kumchukulia hatua aliyekiuka maadili ya kazi, au mahakamani ukidai fidia. Maneno ya simu hayatakufikisha mbali. Nawe una wajibu: vifo vya ghafla vya kuku wengi vitolewe taarifa kwa ofisa mifugo, na kundi hilo lisikimbizwe sokoni.

Ukitilia shaka jibu la daktari, una haki ya kutafuta la pili. Wakala ya Maabara ya Veterinari ipo Temeke, Dar es Salaam, na ina vituo mikoani. Peleka kuku wawili waliokufa karibuni na mmoja mgonjwa aliye hai, siku hiyohiyo. Mizoga iwe kwenye ndoo yenye mfuniko na barafu, isiwekwe kwenye friza, kwa kuwa ikiganda mtaalamu hushindwa kuisoma vizuri.