Safari Ndefu kwa Baiskeli Hujengwa Polepole

Mtu akisimama asubuhi kwenye ukingo wa mto Lualaba mjini Kindu, upande wa Alunguli, ataona baiskeli zikishushwa na kupakiwa mitumbwini. Hii imefungwa madumu ya mafuta ya mawese, ile imebeba mifuko ya mchele, na nyingine imening'inizwa kuku vichwa chini. Wenyewe huisukuma zaidi kuliko kuipanda, maana mzigo ni mzito na njia ni mbaya. Watu wa Maniema huiita baiskeli kinga, nao wanajua thamani yake. Wakati wa vita vya miaka 1998 hadi 2003, treni za kutoka kusini zilipokoma na malori yalipoadimika, chumvi, sabuni na nguo vilifika vijijini kwa migongo ya watu na kwa baiskeli.

Lakini baiskeli si ya mizigo tu. Kijana wa shule, mwalimu au karani aweza kuipanda kwa ajili ya afya yake, kwa kuijua nchi yake, na kwa furaha ya kufika mbali kwa nguvu za miguu yake mwenyewe. Kwao hao twaandika maneno haya, hasa kwa wale walioanza juzi na wanaotamani safari ndefu.

Twajua mambo yanavyokwenda mara nyingi. Kijana hupata baiskeli, hupanda wiki moja mjini, kisha Jumamosi huvuka mto na kushika njia ya Kalima, mwendo wa kilometa 100 hivi. Saa ya kwanza huruka kama ndege. Saa ya tatu miguu ni mizito. Adhuhuri amelala chini ya mti, maji yamekwisha, kichwa kinamwuma. Akirudi nyumbani goti limevimba, na baiskeli huegemezwa ukutani mwezi mzima. Husema, "Mimi sikuumbwa kwa mambo haya." Sivyo, ndugu. Haraka ndiyo iliyokuangusha.

Jifunzeni kwa wabeba mizigo

Yafaa mwanafunzi wa safari ndefu awatazame kwanza wale wanaoifanya ili wapate chakula. Huondoka alfajiri, jua lisijakuwa kali. Hawashindani na mtu. Wakifika mlimani hushuka na kusukuma, wala hawaoni aibu. Hupumzika kivulini kabla ya kuchoka kabisa, maana aliyechoka kabisa hanyanyuki upesi. Tena huenda wawili au watatu pamoja, na mmoja akikwama matopeni wenzake humsaidia. Watu hao husafiri hata mpaka Kasongo, zaidi ya kilometa 200, na kesho kutwa hurudi kazini. Mwendo wao ni wa polepole, lakini wanafika. Basi mwenye baiskeli tupu akitaka kufika mbali, ashike kanuni hiyo hiyo.

Baiskeli ilingane na mwili

Maumivu mengi ya magoti hutokana na kiti kilichowekwa chini mno. Keti juu ya baiskeli, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu uwe umenyooka. Kisha ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, kama ipasavyo, goti litakunjika kidogo tu. Kiti kikiwa juu mno, nyonga huyumba huku na huku, na mgongo huuma.

Mikono isiukamate usukani kama mtu anayezama. Viwiko vilegee, ili kila shimo lisipige mabega. Baiskeli zetu nyingi hazina gia. Kwa hiyo mlima ukiwa mkali, afadhali kushuka kuliko kukanyaga kwa nguvu zote za goti. Na kabla ya safari tazama breki, mnyororo, nati za magurudumu na upepo wa matairi. Chukua pampu, viraka na gundi yake, na spana. Asiyejua kuziba tundu la mpira wa ndani asiende mbali bado. Ajifunze kwanza uani kwake.

Kilometa huongezwa kidogo kidogo

Hapa ndipo penye siri yote. Moyo na mapafu huzoea kazi mpya baada ya majuma machache. Lakini kano na viungo vya magoti hukawia, huhitaji miezi. Ndiyo sababu mtu hujiona ana nguvu, na papo hapo goti lake linaharibika. Pumzi imekwenda mbele, viungo vimebaki nyuma.

Basi anza na kilometa 10 mara tatu au nne kwa juma, penye njia nzuri, kama mitaa ya Kasuku na Mikelenge. Ukiona mwili umekubali, ongeza. Kipimo kinachofaa ni sehemu moja ya kumi: juma hili umekwenda kilometa 40, juma lijalo nenda 44, na linalofuata 48. Siku moja ya juma iwe ya safari ndefu kidogo; siku nyingine zibaki fupi. Na kila juma la nne punguza, mwili upate kujijenga, kwa kuwa nguvu huja wakati wa kupumzika baada ya kazi.

Na mwendo uwe gani? Uwe ule unaokuruhusu kuzungumza na mwenzako bila kuhema. Ukishindwa kumaliza sentensi moja, umepita kiasi. Haba na haba hujaza kibaba: aliyeanza hivi mwezi wa Februari, akashika kipimo chake, wakati wa kiangazi cha Julai aweza kuiona njia ya Kalima kama njia ya jirani.

Ustadi wa njia

Nguvu bila ustadi humtupa mtu mtaroni. Penye mchanga usigeuze usukani ghafla. Rudisha uzito nyuma kidogo, kanyaga sawasawa, acha gurudumu la mbele litafute njia yake. Penye kona, punguza mwendo kabla ya kuingia. Breki ya mbele ina nguvu kuliko ya nyuma, lakini ukiibana kwa ghafla juu ya changarawe gurudumu huteleza. Zitumie zote mbili, kwa upole na mapema.

Udongo mwekundu ukilowa mvua huteleza kama sabuni, na matope hujaa chini ya bamba la gurudumu mpaka baiskeli isitembee. Afadhali ungoje mvua ipite. Na madaraja ya magogo yashukwe daima, maana gurudumu likiingia katika nafasi kati ya gogo na gogo, baiskeli husimama na mtu huendelea.

Maji na chakula

Jua la Kindu si la kuchezewa. Mji upo karibu na ikweta, na hewa yake ina unyevu. Jasho halikauki upesi, na mwili haupoi. Kunywa kidogo kidogo tangu mwanzo, usingoje kiu. Nusu lita kwa saa ni kipimo cha kuanzia, na joto likizidi maji yazidi. Yawe yamechemshwa. Kama umetoka jasho jingi, au tumbo limeharibika njiani, tengeneza kinywaji hiki: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikiwa sawa bila kilima.

Chakula vilevile kisingoje njaa. Baada ya saa ya kwanza kula ndizi mbivu moja au mbili kila saa, au kipande cha muhogo. Karanga zina nguvu, lakini hukaa tumboni muda mrefu. Zifaa wakati wa kupumzika. Ukisikia kizunguzungu, au baridi katikati ya jua, au ukiona mwenzako anasema maneno yasiyo na maana, simameni mara moja. Mpelekeni kivulini, mloweshe mwili kwa maji, mpepee, na asipopata nafuu upesi apelekwe kwa mganga wa hospitali.

Mifano miwili kutoka mbali

Labda msomaji atauliza: je, hata mabingwa hufuata kipimo? Tumtazame Kazimierz Nowak, mtu wa Poland, baba wa watoto wawili. Mwezi wa Novemba 1931 alianza safari Tripoli na baiskeli kuukuu, akashuka mpaka ncha ya kusini ya Afrika, akarudi kaskazini mpaka Algiers mwaka 1936. Alikwenda yapata kilometa 40,000, nyingi kwa baiskeli, nyingine kwa miguu, kwa farasi, kwa ngamia na kwa mtumbwi. Ukigawanya kwa siku za miaka hiyo mitano, utapata kilometa 22 tu kwa siku! Mwanafunzi yeyote wa Kindu aweza kwenda hizo kwa siku moja. Ukubwa wa Nowak ulikuwa katika kuondoka tena kesho yake.

Mfano wa pili ni wa jirani zetu. Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Siku ya mwisho wanaume walipaswa kwenda zaidi ya kilometa 267 juu ya vilima vya Rwanda. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda. Lakini wengi wa waliompita kila mtu kwao waliacha njiani. Kama watu hao waliweza kusimama, wewe usione haya kugeuza baiskeli unapohisi goti linalalamika. Njia itakuwapo juma lijalo.

Neno la mwisho

Wazazi, kijana wenu akiomba ruhusa ya kwenda mbali, mwulizeni kwanza juma lililopita alikwenda kilometa ngapi, anakwenda na nani, na kama ajua kuziba mpira. Majibu matatu hayo yatawaambia kama safari ni ya busara.

Nanyi vijana, mkikutana njiani na mtu anayesukuma mifuko mitatu ya mchele kupanda mlima, msimpite kwa mbio na kengele. Shukeni, mwamkieni, mmsaidie kusukuma mpaka juu. Yeye ni mwalimu wenu, na huko juu, akipumzika, ataweza kuwaambia maji mazuri yako wapi na daraja lipi limeoza.