WhatsApp na Ahadi Iliyobadilika

Mwanzoni mwa Januari 2021, watumiaji wa WhatsApp katika sehemu nyingi za dunia walifungua simu zao wakakuta tangazo limeziba skrini. Masharti ya faragha yalikuwa yamebadilika, na kila mtu alitakiwa ayakubali kabla ya tarehe 8 Februari kama anataka kuendelea kuhudumiwa. Kitufe cha kukubali kilikuwepo. Cha kukataa hakikuwepo. Mtu aliweza tu kulifunga tangazo na kusubiri lirudi tena.

Watu walikasirika. Tarehe 7 Januari tajiri Elon Musk aliandika maneno mawili kwenye Twitter, akiwahimiza wafuasi wake watumie Signal, programu nyingine ya ujumbe, na mitambo ya Signal ikaelemewa na wageni kiasi kwamba namba za uthibitisho zilichelewa kuwafikia. Siku chache baadaye Pavel Durov, mwanzilishi wa Telegram, alitangaza kwamba amepokea watumiaji wapya milioni 25 ndani ya saa 72. Afrika Mashariki nako swali likaingia kwenye makundi ya familia, ya kamati za harusi na ya watu waliosoma pamoja: tuhame au tubaki?

Wengi walibaki. Michango ya msiba inakusanywa pale, fundi anatuma picha ya kazi yake pale, shangazi aliyeko Muscat anatuma salamu za sauti kupitia pale pale, na kuhama peke yako ni sawa na kujitoa katika ukoo. WhatsApp yenyewe ilisogeza tarehe hadi 15 Mei, kisha ikasema hakuna atakayefungiwa akaunti. Leo watumiaji wake wanazidi bilioni 3. Hata hivyo imani iliyotikisika mwezi ule haijarudi, na kwa haki kabisa. Kasoro ya hasira ile ni kwamba ilichelewa kwa zaidi ya miaka 4, na mara nyingi ilielekezwa mahali pasipo na kosa.

Historia yenyewe inaanza vizuri. WhatsApp ilianzishwa mwaka 2009 na Jan Koum na Brian Acton, wahandisi wawili waliowahi kufanya kazi Yahoo. Koum alizaliwa Ukraine wakati wa utawala wa Kisovieti, akakulia katika mazingira ambamo watu waliogopa kuzungumza mambo yao kwenye simu kwa hofu ya kusikilizwa. Alipofika Marekani akiwa kijana na hatimaye akatengeneza programu yake, yeye na mwenzake waliweka msimamo unaoeleweka: hakuna matangazo ya biashara, hakuna kukusanya maisha ya watu. Acton aliuandika msimamo huo kwenye kikaratasi, na Koum akakibandika mezani kwake. Mapato yangetoka kwenye ada ya dola 1 kwa mwaka.

Februari 2014 Facebook ilitangaza kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19. Wasiwasi ulipozuka, Koum aliwaandikia watumiaji kuwahakikishia kwamba heshima kwa faragha yao iko kwenye damu ya kampuni na kwamba hakuna litakalobadilika. Mwezi Aprili tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilizikumbusha kampuni zote mbili kwa barua kwamba ahadi walizopewa watumiaji zinabaki palepale hata baada ya mauzo.

Ahadi hizo zilidumu miaka 2 na miezi kadhaa. Agosti 2016 WhatsApp ilitangaza kwamba itaipatia Facebook namba za simu za watumiaji wake pamoja na taarifa za jinsi wanavyoitumia programu. Waliokuwa na akaunti tayari walipewa siku 30 za kukataa taarifa zao zisitumike kupangia matangazo ya Facebook. Wangapi waliiona nafasi hiyo? Ilikuwa imefichwa nyuma ya kiungo kidogo, chini ya maandishi marefu ya kisheria, na aliyebonyeza kukubali kwa haraka aliweza kuipita bila kuiona. Kwa hiyo tangazo lililozua kelele mwaka 2021, ambalo kwa sehemu kubwa lilihusu mawasiliano ya watu na wafanyabiashara, lilikuja wakati mlango wenyewe ulikwisha kufunguliwa zamani.

Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshaliona hilo. Wakati wa ununuzi, Facebook iliiambia Tume ya Ulaya kwamba haingeweza kuoanisha kwa uhakika akaunti ya mtu ya Facebook na ya WhatsApp. Mei 2017 Tume ilibaini kwamba uwezekano huo ulikuwepo tangu 2014 na wafanyakazi wa Facebook waliujua. Kampuni ikatozwa faini ya euro milioni 110 kwa kutoa maelezo ya kupotosha. Acton aliondoka mwaka huohuo, akiacha nyuma hisa za mamia ya mamilioni ya dola ambazo zilikuwa hazijaiva. Mwaka uliofuata alitoa dola milioni 50 kuanzisha wakfu wa Signal, akawahimiza watu hadharani kufuta Facebook, na katika mahojiano na jarida la Forbes akakiri kwamba aliuza faragha ya watumiaji wake. Koum naye alitangaza kuondoka Aprili 2018.

Ni muhimu kujua nini hasa kinaonekana na nini hakionekani, kwa sababu hapa ndipo uvumi unapotamba. Tangu Aprili 2016 ujumbe wa WhatsApp unafumbwa kuanzia simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji, kwa teknolojia ileile ya Signal. Kampuni haiwezi kuusoma ukiwa njiani. Ule ujumbe unaosambazwa mara kwa mara, kwamba alama tatu za tiki zikiwa nyekundu basi serikali imesoma maneno yako na polisi wako njiani, ni uongo. Na lile tamko refu ambalo watu hulinakili wakiamini linaizuia Facebook kutumia picha zao halina nguvu yoyote ya kisheria.

Kinachobaki wazi ni yale yanayouzunguka ujumbe. Fikiria jirani anayeshinda barazani. Hasikii mnachozungumza chumbani, lakini anaona nani kaingia, saa ngapi, kakaa muda gani, na kesho karudi tena. Baada ya miezi 6 anajua ndoa ipi ina matatizo na nani ana mgonjwa, bila kusikia hata neno moja. WhatsApp inaweza kujua namba yako, aina ya simu yako, mahali ulipo kwa makadirio, majina ya makundi uliyomo, na unawasiliana mara ngapi. Ukiiruhusu kusoma orodha ya majina kwenye simu, inapokea namba za watu wote uliowahifadhi, wakiwemo wasiowahi kuitumia programu hiyo. Mwanachama wa kundi la wanaoishi na VVU, au la wafanyakazi wanaopanga mgomo, hahitaji maneno yake yasomwe ili siri yake ijulikane. Jina la kundi linatosha.

Kwa watu wa Afrika Mashariki, namba ya simu ina uzito kuliko kwingine kwingi. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho, na Tanzania inahitaji hata alama za vidole. Namba hiyohiyo ndiyo pochi ya M-Pesa au Airtel Money. Mtu yeyote katika kundi la watu 200 anaweza kuchukua namba ya mwenzake, kuanza muamala wa kumtumia pesa, akasoma jina lake kwenye skrini kabla ya kughairi. Matapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii” wanaishi kwa taarifa za aina hiyo. Kwa hiyo Aprili 2021, namba za watumiaji milioni 533 wa Facebook zilipokutwa zimemwagwa hadharani mtandaoni, hatari kwa mkazi wa Mbagala au Kisumu ilikuwa kubwa kuliko kwa mtu ambaye namba yake ni ya kupigia tu.

Rekodi ya kampuni mama haimpi mtu sababu ya kutulia. Machi 2018 ilifahamika kwamba programu ya maswali ya kujipima tabia, iliyopakuliwa na watu wapatao 270,000, ilikuwa imevuna pia taarifa za marafiki zao. Facebook yenyewe ilikadiria kwamba walioguswa wanaweza kufika milioni 87. Data hizo ziliishia kwa Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza ya kampeni za kisiasa. Kisa hiki kina mguu mmoja Nairobi: wakuu wa kampuni hiyo walirekodiwa kwa kamera ya siri ya televisheni ya Channel 4 wakijisifu kwamba waliendesha kampeni za Uhuru Kenyatta za 2013 na 2017, ikiwa ni pamoja na kukipa chama sura mpya na kuandika ilani. Chama cha Jubilee kilikiri tu kwamba kiliiajiri kampuni mama yake, SCL, kwa kazi ya kujitangaza.

Julai 2019 FTC iliitoza Facebook dola bilioni 5. Miongoni mwa makosa yaliyoorodheshwa limo hili ambalo lingestahili kujulikana zaidi: watu walitoa namba zao za simu ili kulinda akaunti zao, na namba hizo zikatumika kuwalenga kwa matangazo. Mtu aliyejaribu kujilinda ndiye aliyefichuliwa. Ukishalisoma hilo, ni vigumu kuendelea kumwita mwenye mashaka mtu mwenye hofu za bure.

Hata ile ahadi ya kutoweka matangazo haipo tena. Juni 2025 Meta, jina ambalo kampuni mama inalitumia tangu 2021, ilitangaza kwamba matangazo yataanza kuonekana WhatsApp, katika sehemu ya status na chaneli. Inasema hayatafika kwenye mazungumzo binafsi. Baada ya yale ya 2014 na 2016, msomaji ana haki ya kuuliza kauli hiyo itadumu kwa muda gani.

Jambo linalopaswa kuwaudhi Waafrika zaidi ya yote ni jinsi ulinzi unavyogawanywa. Baada ya wasimamizi wa Ulaya kubana mwishoni mwa 2016, Facebook ilisimamisha huko matumizi ya data za WhatsApp kwa matangazo. Masharti yaliyokuja 2021 kwa Ulaya yalikuwa tofauti na yaliyopelekwa kwingine, na bado Septemba mwaka huo msimamizi wa data wa Ireland aliitoza WhatsApp euro milioni 225 kwa kutowaeleza watu waziwazi taarifa zao zinavyotumika. Programu ni ileile na vitufe ni vilevile. Tofauti ilitokana na sheria yenye meno.

Nigeria haikukubali. Tume yake ya ushindani na ulinzi wa walaji ilichunguza masharti ya 2021 kwa zaidi ya miaka 3, na Julai 2024 ikaitoza Meta dola milioni 220. Mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba Wanigeria walibaguliwa kwa kunyimwa hiari waliyopewa watumiaji wa nchi nyingine. Meta ilikata rufaa, na Aprili 2025 mahakama maalumu ya ushindani ikaitupa.

Silaha za kisheria zipo pia kwetu. Kenya na Uganda zilipata sheria za kulinda data mwaka 2019, Rwanda ikafuata 2021. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilipitishwa 2022 ikaanza kutumika Mei 2023, na Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Tume yake Aprili 2024. Nchini Kenya ofisi ya Kamishna wa Data imekwisha kuuma. Kampuni ya simu ya Oppo ilitozwa shilingi milioni 5 kwa kutumia picha ya mtu Instagram bila ridhaa yake. Septemba 2023 baa ya Casa Vera ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja, na shule ya Roma shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kesi hizi zinaonyesha pia kwamba si kila uvunjaji wa faragha unatoka California. Mwingine unafanywa na mwalimu mwenye simu, au na mwanakamati anayepiga picha ya mazungumzo ya kundi na kuisambaza.

Ni kwa sababu hiyo GBWhatsApp, ile programu ya bandia inayopendwa na vijana kwa kuwa inawaruhusu kujificha wanapokuwa mtandaoni, ni kimbilio baya. Anayeiweka anamkimbia Meta, ambaye walau ana anwani na anaweza kushtakiwa, na kumkabidhi mazungumzo yake mtengenezaji asiyejulikana.

Msomaji anayeendelea kutumia WhatsApp, kama walivyo wengi, anaweza leo kuingia kwenye mipangilio ya faragha akachagua nani wa kumwingiza kwenye makundi, akaweka namba ya siri ya uthibitisho wa hatua mbili, na akawasha ufumbaji wa nakala za akiba. Hili la mwisho lilianza kupatikana 2021, lakini linasubiri mtumiaji aliwashe mwenyewe. Na anayekuta picha ya mwanawe au namba yake imetumika bila ridhaa asiishie kulalamika kwenye kundi. Apeleke malalamiko kwa Tume ya Tanzania au kwa Kamishna wa Data wa Kenya. Nchini Kenya yanaweza kutolewa hata kwa mdomo, na sheria inamtaka Kamishna ayachunguze na kuyamaliza ndani ya siku 90.